Namna ya Kuandika Tafakuri ya Ufundishaji Itakayobadilisha Kipindi Kinachofuata

Katika maandalio mengi ya somo, nafasi ya tathmini na maoni iliyo mwishoni hujazwa kwa maneno yaleyale: somo limeeleweka vizuri, wanafunzi wengi wamefikia malengo, wachache watasaidiwa. Maneno hayo huenda yakawa ya kweli, lakini hayamwambii mwalimu anayeyasoma kesho yake asubuhi ni wanafunzi gani watakaosaidiwa, watasaidiwa katika jambo gani, wala kwa nini walikwama mahali ambapo wenzao walipita. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwalimu wa shule ya msingi anayetaka nafasi hiyo ndogo, au daftari zima atakalolitenga kwa kazi hiyo, imsaidie kuamua la kufanya. Msimamo wangu ni kwamba tafakuri yenye manufaa huanzia kwenye kazi ya mwanafunzi badala ya hisia ya mwalimu kuhusu kipindi, na huishia kwenye badiliko moja linaloweza kufanyika katika kipindi kinachofuata.

Wazo la mwalimu kutafakari kazi yake si geni. John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani, alieleza mwaka 1910 kwamba kufikiri kwa tafakuri ni kuipima imani kwa bidii na uangalifu kwa kuangalia misingi inayoitegemeza. Mwaka 1983 Donald Schön, msomi wa Marekani, alitofautisha tafakuri inayofanyika kazi ikiendelea na ile inayofanyika baada ya kazi kwisha. Mwalimu wa darasa la pili hufanya ile ya kwanza mara nyingi kwa siku: anaona macho yanazurura, anabadilisha mfano, anafuta ubao na kuanza upya. Daftari hutumika kwa ile ya pili, na faida yake huonekana pale mwalimu anapoanza kuyatambua kipindi kikiendelea mambo ambayo zamani aliyagundua jioni, madaftari yakiwa yamekwisha kusahihishwa.

Anza kabla ya kipindi, kwa swali moja

Tafakuri isiyo na swali hugeuka kuwa masimulizi ya siku. Kabla ya kuingia darasani, andika pembeni mwa andalio la somo swali moja unalotaka kulijibu kuhusu ujifunzaji wa wanafunzi wako katika kipindi hicho, na uliandike kwa namna ambayo jibu lake linaweza kuonekana au kusikika. Swali kama “Je, wataelewa kutoa kwa kuchukua?” ni pana mno, kwa sababu kuelewa hakuonekani kwa macho. Swali kama “Je, mwanafunzi anayechukua kumi moja kutoka kwenye makumi anakumbuka kwamba makumi yamepungua?” linaweza kujibiwa kwa kusoma kazi yake.

Chini ya swali hilo andika utabiri wako: majibu yasiyo sahihi unayotarajia kuyaona, na kwa kila jibu, wazo ambalo huenda likawa limelizaa. Mwalimu anayeandika utabiri kabla ya kipindi hana budi kukutana uso kwa uso na tofauti kati ya alichodhani na kilichotokea, ilhali asiyeandika hujiaminisha kwa urahisi kwamba alikuwa akitarajia yote. Kwa maoni yangu, hatua hii ina thamani kubwa kuliko nyingine zote, ingawa ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa sababu huonekana kama kazi ya ziada.

Chagua zoezi linaloweza kutenganisha mawazo

Hapa panahitaji utulivu, kwa sababu ubora wa tafakuri hauwezi kuzidi ubora wa ushahidi, na ushahidi wa mwalimu hutokana na maswali aliyoyaweka ubaoni.

Chukua hesabu ya 52 − 27. Jibu sahihi ni 25, na jibu lisilo sahihi ambalo hujitokeza mara kwa mara ni 35. Mwalimu anayeona 35 katika daftari anaweza kuandika kwamba mwanafunzi hajui kuchukua. Lakini jibu hilo linaweza kufikiwa kwa njia mbili zisizofanana. Mwanafunzi wa kwanza hutoa tarakimu ndogo kutoka kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: saba toa mbili ni tano, tano toa mbili ni tatu, anaandika 35. Mwanafunzi wa pili anachukua kumi kama alivyofundishwa, anasema kumi na mbili toa saba ni tano, kisha anasahau kwamba makumi yamebaki manne, anasema tano toa mbili ni tatu, naye anaandika 35. Wote wawili wanapata alama ya kosa ileile, na mwalimu hana njia ya kuwatofautisha kwa kutazama daftari peke yake.

Sasa weka ubaoni 53 − 27. Jibu sahihi ni 26. Mwanafunzi wa kwanza ataandika 34, kwa kuwa saba toa tatu ni nne. Wa pili ataandika 36, kwa kuwa kumi na tatu toa saba ni sita. Kwa kubadilisha tarakimu moja tu, zoezi limeanza kusema ni nani anayefikiri nini. Sababu yake ni nyepesi: katika hesabu ya mwanzo tofauti kati ya tarakimu za mamoja, yaani 7 na 2, ni 5, na kumi toa tano ni tano pia, hivyo njia mbili zenye makosa hukutana kwenye jibu moja. Mwalimu anayetunga mazoezi ya kutoa kwa kuchukua aepuke tofauti ya 5 kwenye mamoja kila anapotaka kujua aina ya kosa.

Kujua tofauti hiyo kunabadilisha msaada utakaotolewa. Anayeandika 34 anahitaji kurudishwa kwenye maana: ashike vijiti vilivyofungwa katika mafungu ya kumi, aone kwamba anaondoa 27 kutoka kwenye 53, na aone kwamba mamoja matatu hayatoshi kuondolewa saba mpaka fungu moja lifunguliwe. Anayeandika 36 amekwisha kuielewa hatua ya kufungua fungu; anachohitaji ni utaratibu wa kuiandika, kama vile kukata ile 5 na kuweka 4 juu yake kabla ya kugusa mamoja. Ukiwapa wote wawili vijiti, wa pili atachoka bila kusaidika. Ukiwapa wote utaratibu wa kukata tarakimu, wa kwanza atakariri hatua asizozielewa.

Kanuni hii haiishii kwenye kutoa. Ukiuliza ipi ni kubwa kati ya 0.62 na 0.48, mwanafunzi anayesoma desimali kama namba nzima atajibu sahihi, kwa kuwa 62 ni kubwa kuliko 48. Uliza kati ya 0.4 na 0.35, na wazo lake litajitokeza, kwa sababu atasema 0.35 ndiyo kubwa. Katika sehemu, kulinganisha 2/5 na 4/5 hakufichui mengi, lakini kulinganisha 1/3 na 1/4 huonyesha mara moja ni nani anayedhani kwamba asili kubwa hufanya sehemu kuwa kubwa.

Ufahamu wa kusoma una mtego wa aina hiyohiyo. Fikiria sentensi “Mbepu alipwezuka kando ya kizoto,” ambayo haina maana yoyote, kisha uulize, “Mbepu alipwezuka wapi?” Mtoto yeyote anayejua kusoma atajibu, “Kando ya kizoto,” na atapata vema. Maswali mengi ya ufahamu ni ya namna hiyo, na mwalimu anayeyatumia peke yake ataandika katika tafakuri yake kwamba wanafunzi wanaelewa wanachosoma bila kuwa na ushahidi wa jambo hilo. Ongeza walau swali moja ambalo jibu lake halipo neno kwa neno katika kifungu, kama vile kwa nini mhusika alifanya alivyofanya, au nini kingetokea kama asingefanya hivyo.

Soma kazi kabla ya kushika kalamu

Kipindi kikiisha, yapange madaftari katika mafungu matatu kabla ya kuandika neno lolote: waliopata na kuonyesha njia, waliokosa kwa namna inayofanana, na wale ambao kazi yao haikupi picha yoyote, wakiwemo walioacha wazi. Fungu la tatu ndilo linalosahaulika, ilhali mara nyingi lina watoto wanaohitaji kusikilizwa zaidi ya wote. Usiliache la kwanza bila kulitazama, kwa kuwa jibu sahihi linaweza kuwa limenakiliwa kwa jirani au kupatikana kwa njia itakayoshindwa wiki ijayo namba zitakapokuwa kubwa.

Katika darasa lenye wanafunzi wengi haiwezekani kusoma kila ukurasa kwa makini kila siku, na si lazima. Chagua swali moja katika zoezi, lile ulilolitunga ili kutenganisha mawazo, na ulipitie hilo tu kwa wanafunzi wote. Siku nyingine chagua wanafunzi wachache wa viwango tofauti na usome kazi zao zote kwa kina, kisha ubadilishe kundi ili ndani ya muhula kila mtoto awe amesomwa. Pale kosa lisipoeleweka, mwite mtoto na umwombe akueleze alivyofanya, ukimwambia mapema kwamba unataka kujua njia yake na kwamba hakuna adhabu. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Sentensi moja ya mtoto, ikinukuliwa kwa uaminifu, hufundisha zaidi ya aya nzima ya maoni ya mwalimu.

Eleza kwanza, hukumu baadaye

Uandishi wenyewe uwe na sehemu mbili zisizochanganywa. Ya kwanza ni maelezo ya kilichoonekana na kusikika; ya pili ni tafsiri yako. Maneno kama “wazembe”, “wazito wa kuelewa” na “hawakuwa makini” hayafai katika sehemu ya kwanza, na nashawishika kusema kwamba hayafai hata katika ya pili, kwa sababu yanaufunga uchunguzi pale ambapo ungepaswa kuanza. Mwanafunzi aliyeitwa mzito hana la kufundishwa kesho. Mwanafunzi aliyeandika 34 kwa sababu anatoa ndogo kutoka kwenye kubwa anaweza kusaidiwa kipindi kinachofuata.

Mfano wa maandishi yenye manufaa ni huu: “Swali la 53 − 27. Walioandika 34 ni wengi kuliko walioandika 36, kinyume cha utabiri wangu. Mmoja alipoulizwa alisema, ‘Tatu haiwezi kutoa saba, kwa hiyo saba inatoa tatu.’ Maelezo ya kwanza: hawajui kwamba mpangilio una maana katika kutoa. Maelezo ya pili: wanajua, lakini kanuni ya ‘kubwa toa ndogo’ niliyoitumia katika namba za tarakimu moja imewafuata huku. Kesho: nitaanza na hadithi ya mtu mwenye vitu vitatu anayetakiwa kutoa saba, niwaulize kama inawezekana, kabla ya kurudi kwenye mafungu ya vijiti.”

Angalia kwamba mwandishi ameweka maelezo mawili kabla ya kuamua. Huo ni utaratibu ninaousisitiza sana. Darasa likikaa kimya baada ya swali, huenda hawajui jibu, huenda hawakuelewa lugha ya swali, huenda wanaogopa kuchekwa, na kila sababu ina dawa yake. Mwalimu anayeshika maelezo ya kwanza yanayomjia kichwani atarudia somo zima kwa watoto ambao walihitaji tu swali liulizwe kwa maneno mepesi. Maelezo mawili yakisimama pamoja, tafuta jambo dogo linaloweza kuyapambanua: uliza swali lilelile kwa maneno mengine, au waache wajibu kwa kuandika kwenye karatasi badala ya kusema mbele ya wote, kisha uone ni nini kinachobadilika.

Katika vyuo vya ualimu, mzunguko wa tafakuri wa mwaka 1988 wa Graham Gibbs, msomi wa Uingereza, hufundishwa sana. Una hatua sita: maelezo, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa utekelezaji. Kwa mwalimu tarajali anayejifunza kujitazama, mpangilio huo unasaidia, na hisia zina nafasi yake, hasa baada ya kipindi kilichomvunja moyo. Kwa mwalimu mwenye vipindi vingi kwa siku, hatua sita kila siku huzaa maneno ya kujaza nafasi. Aya moja yenye ushahidi, maelezo mawili na hatua moja ya kesho inatosha.

Kuhusu majina ya watoto, tumia herufi za mwanzo au alama unayoijua mwenyewe. Daftari linaweza kusahaulika mezani, na mtoto ana haki ya kutosomwa udhaifu wake na watu wasiohusika.

Pima ukimya, na uone nani anayezungumza

Kazi za kuandika hazionyeshi yote. Mazungumzo ya darasa ni ushahidi mwingine, nao hupotea mara unapotamkwa, kwa hiyo unahitaji njia ya kuunasa.

Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alichunguza muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta kwamba kwa kawaida ni sekunde moja au pungufu kabla ya mwalimu kurudia swali, kumtaja mwingine au kujibu mwenyewe. Walimu walipojifunza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, waliojitolea kujibu waliongezeka, na walioshindwa kujibu walipungua. Rowe aliangalia pia ukimya wa pili, ule unaofuata jibu la mwanafunzi, ambao walimu huusahau kwa sababu tumezoea kusema “vizuri” au “hapana” papo hapo. Mwalimu akikaa kimya kidogo baada ya jibu, mara nyingi mwanafunzi huendelea kufafanua, au mwenzake huongezea.

Ili ujue hali yako, rekodi sauti ya sehemu fupi ya kipindi kwa simu, kwa kufuata utaratibu wa shule kuhusu kurekodi, kisha sikiliza ukihesabu sekunde. Pasipo simu, mwombe mwalimu mwenzako akae nyuma na ahesabu kimyakimya. Ni vigumu kwa mwalimu kujipima mwenyewe huku akifundisha, kwa kuwa sekunde tatu za ukimya mbele ya darasa huhisiwa kuwa ndefu kupita kiasi.

Pamoja na muda, angalia mgawanyo. Chora mpangilio wa madawati kwenye karatasi na uweke alama kila mwanafunzi anapozungumza katika kipindi kimoja. Karatasi hiyo huonyesha mambo ambayo kumbukumbu huyaficha: kwamba majibu yote yalitoka safu za mbele, kwamba wavulana waliitwa zaidi ya wasichana au kinyume chake, kwamba wanafunzi fulani hawajasikika kwa wiki nzima. Ukikuta hivyo, jaribu kuwapa wote muda wa kuandika jibu kabla ya yeyote kunyoosha mkono, au kuwaacha wazungumze wawili wawili kwanza, ndipo uwaite kwa majina. Jaribu njia moja, kisha chora karatasi nyingine na uilinganishe na ile ya awali.

Badilisha jambo moja, kisha rudi kulipima

Mwalimu mwenye bidii hupata vishawishi vya kubadilisha mambo mengi kwa pamoja: zana mpya, makundi mapya, mpangilio mpya wa madawati. Darasa likifanya vizuri hatajua ni kipi kilichosaidia, na likifanya vibaya hatajua ni kipi kilichoharibu. Badilisha jambo moja na uliandike kwa usahihi kiasi kwamba mwalimu mwingine angeweza kulirudia.

Kisha panga siku ya kupima tena. Tunachokiona mwishoni mwa kipindi ni kile ambacho mwanafunzi anaweza kukifanya mfano ukiwa bado ubaoni, na hicho si sawa na kilichobaki kichwani. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea mapema, muda mfupi baada ya kujifunza, kisha kasi yake hupungua. Wanasaikolojia wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi wa chuo waliosoma kifungu tena na tena walikumbuka zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliokumbuka zaidi ni wale waliojipima kwa kukitoa kichwani. Waliochunguzwa walikuwa watu wazima, hata hivyo somo lake linatugusa: mafanikio ya papo hapo yanaweza kumdanganya mwalimu, na kuuliza tena ni sehemu ya kufundisha.

Kwa hiyo, kila unapoandika kwamba mada imeeleweka, andika pia tarehe ya wiki ijayo na ya mwezi ujao ambapo utaweka swali moja la mada hiyo mwanzoni mwa kipindi, bila kutangaza na bila alama. Matokeo ya siku hizo yaandikwe kwenye ukurasa uleule. Ukurasa wenye tarehe tatu una uzito kuliko kurasa tatu zenye tarehe moja moja.

Kutumia semina na macho ya mwenzako

Semina za mafunzo kazini zinaweza kuwa na faida kubwa au zisiwe nayo kabisa, na tofauti hutegemea sana kinachofuata baada ya semina. Bruce Joyce na Beverly Showers, watafiti wa Marekani walioanza kuandika kuhusu jambo hili mwaka 1980, walieleza kwamba maelezo na maonyesho ya mbinu peke yake mara chache hufika hadi kwenye ufundishaji wa kila siku, na kwamba walimu huihamishia mbinu darasani pale wanapopata mazoezi pamoja na usaidizi wa mwenzao baada ya kurudi kazini. Mwalimu asiyeweza kubadilisha ratiba ya semina anaweza kubadilisha maandalizi yake. Nenda na ukurasa mmoja wa daftari lako wenye tatizo halisi la wanafunzi wako. Unaposikiliza, jiulize ni kipi kati ya yanayosemwa kinachogusa tatizo hilo, na uandike kipindi gani, cha siku gani, utakijaribu. Mambo mengine mazuri yanaweza kusubiri.

Kuhusu mwalimu mwenzako, mfano unaostahili kufuatwa ni utaratibu wa Japani wa kuchunguza somo kwa pamoja, ambao mizizi yake iko mwishoni mwa karne ya 19 na ambao ulianza kufahamika sana nje ya nchi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Kikundi cha walimu huandaa somo moja kwa undani, mmoja hulifundisha, wengine hutazama, kisha wote hujadili. Jambo linaloupa nguvu utaratibu huo ni kwamba watazamaji huelekeza macho yao kwa wanafunzi. Hawakagui mwandiko wa ubaoni wala sauti ya mwalimu. Wanaandika mtoto fulani alisema nini, alifuta nini, alikwama wapi na alikwamuka vipi.

Hata walimu wawili wanaweza kufanya hivyo. Kabla ya kipindi, mwenye darasa amwambie mwenzake jambo moja la kutazama na amtajie wanafunzi wachache wa kufuatilia. Baada ya kipindi, mwenye darasa azungumze kwanza. Mtazamaji asome alichokiandika bila kutoa maoni. Maoni yafuate yakitegemea maandishi hayo. Mazungumzo hayo yasihifadhiwe kwenye jalada la tathmini ya utendaji kazi. Mwalimu mkuu anayetaka utaratibu huu ustawi katika shule yake atenge muda wake kwenye ratiba, na autenganishe wazi na ukaguzi, kwa sababu mwalimu anayejua kwamba anapimwa atachagua somo analoliweza na kuficha lile ambalo angependa kusaidiwa.

Panga daftari kwa mada

Walimu wengi huandika tafakuri kwa kufuata tarehe, na mwaka ukiisha daftari huwekwa kabatini kwa kuwa hakuna anayeweza kupata kitu ndani yake. Nashauri kila mada ipewe ukurasa wake, wenye nafasi ya makosa yanayojirudia, maswali yanayoyafichua, maelezo ya watoto kwa maneno yao, mifano iliyosaidia na iliyopotosha. Mwaka ujao, unapokaribia kufundisha sehemu au kutoa kwa kuchukua, ukurasa huo utakuwa tayari, na utabiri wako hautaanzia sifuri. Lee Shulman, msomi wa elimu wa Marekani, aliandika mwaka 1986 kuhusu aina ya maarifa ambayo ni ya mwalimu peke yake: kujua somo kwa namna ya kulifundisha, pamoja na dhana ambazo wanafunzi huja nazo na yale yanayofanya mada iwe rahisi au ngumu kwao. Maarifa hayo hayapatikani yote katika kiongozi cha mwalimu, na mengi hupotea mwalimu anapostaafu au kuhama. Kurasa za mada ni mahali pa kuyahifadhi.

Mwishoni mwa mwaka, pitia kurasa hizo na utenge zile ambazo swali la baada ya mwezi mmoja lilionyesha kwamba darasa bado halijashika vizuri. Ziandike upya kwa ufupi, bila majina ya watoto: mada, kosa linalojirudia, swali linalolifichua, njia iliyoanza kuzaa matunda. Mpe karatasi hiyo mwalimu atakayelipokea darasa, mkae pamoja kabla ya muhula kuanza, na umwachie nafasi chini ya kila mada ya kuandika alichokikuta.